Chemsha mara mbili kwa wiki, unga kila jioni

Iko dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba nyumba isiyopika nyama ni nyumba isiyokuwa na kazi jikoni. Husemwa kwamba mla mboga hukatakata majani yake, akayatia chumvi na kitunguu, na baada ya robo saa yumo mkekani anakula. Wasemao hivyo, bila shaka, hawajapata kukaa mbele ya sufuria ya mbaazi kavu saa mbili unusu za usiku, watoto wamesinzia juu ya madaftari yao, na mbaazi zenyewe zingali ngumu kama changarawe. Samaki huiva kabla mpishi hajamaliza kukuna nazi. Nyama nayo huwahi. Lakini mbaazi, maharagwe, kunde na dengu, ambazo ndizo nyama ya asiyekula nyama, zadai maji, moto na saa nyingi kuliko takriban kitu kingine chochote kiingiacho chunguni katika nyumba zetu.

Hapa Miritini nyumba za namna hiyo si chache kama idhaniwavyo. Zipo zilizoacha nyama kwa sababu ya imani, kama baadhi ya Waadventista Wasabato na Marastafari, na kule kisiwani jamii za Kihindu na Kijaini ambazo kwao jambo hili ni la karne nyingi. Zipo zilizoachishwa na daktari. Zipo pia, tena hizi ndizo nyingi, zilizoachishwa na bei ya bucha. Haziitwi nyumba za walaji mboga wala zenyewe hazijiiti hivyo, lakini ukihesabu siku za mwezi utazikuta zimeonja nyama mara moja au mbili. Nyumba yangu ni ya watu sita na nyama haiingii. Sababu zake si za makala haya. Ninalotaka kulijadili ni swali linalozikabili nyumba zote hizo kwa usawa: je, familia yenye wazazi wawili waendao kazini ipike vipi ili watoto wale chakula kamili kabla ya kulala, bila ya mtu mmoja kugeuzwa mtumwa wa jiko?

Miritini ya leo si ile waliyoijua wazee wetu. Tangu mwaka 2017, treni ya abiria ya reli mpya ilipoanza safari zake, kituo chake kikuu cha Mombasa kiko papa hapa kwetu. Barabara ya Dongo Kundu nayo inaanzia huku na kumvusha msafiri hadi pwani ya kusini bila ya kuonana na kivuko cha Likoni. Malori ya makontena hayana usiku wala mchana. Mtu afanyaye kazi kisiwani, au katika viwanda vya Changamwe, au bandarini Kipevu, huondoka kabla ya jua na kurudi baada yake, na sehemu ya maisha yake huishia ndani ya matatu, akitazama nyuma ya lori lililosimama. Kwetu nimepima muda uliopo kati ya mlango kufunguliwa jioni na watoto kulala: ni saa mbili na nusu. Maharagwe makavu yasiyorowekwa yahitaji saa mbili hadi tatu za moto. Humo humo kuna kuoga, kuna hesabu za darasa la nne, na kuna maji ya kununua kwa mwenye mkokoteni. Hesabu haikubali.

Ushauri unaotolewa siku hizi, katika majarida na katika vipindi vya runinga, ni kwamba Jumapili moja ipikwe vyakula vya wiki nzima, vitiwe katika vikopo vyenye vifuniko, viandikwe siku, kisha vifungiwe ndani ya friza. Jumatatu unafungua kikopo cha Jumatatu, Jumanne cha Jumanne, hadi wiki imekwisha. Siudharau ushauri huo. Katika nchi ambako umeme haukatiki na hewa ya jikoni ni baridi, bila shaka umewaokoa wengi. Lakini nadhani haukutungwa kwa ajili ya Miritini, na nina sababu zangu.

Kwanza ni umeme wenyewe. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na zipo sehemu zilizolala gizani. Ikawa vivyo hivyo tarehe 11 Novemba, na tena tarehe 10 Desemba, mwaka uo huo mmoja. Sizungumzii kukatika kwa mtaa mmoja mmoja, ambako hakuna anayekuweka katika kumbukumbu. Friza iliyojaa pomoni, isipofunguliwa, huhifadhi ubaridi wake kwa muda wa siku mbili hivi. Iliyojaa nusu, siku moja. Na friji ya kawaida haivuki saa nne. Mwenye kuweka chakula cha siku saba mahali pamoja ameweka pia fedha za siku saba mahali pamoja, na ufunguo wa mahali hapo hauko mikononi mwake.

Pili ni nazi, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu washauri wa friza hawaitaji kabisa. Chakula cha mboga cha Pwani ni chakula cha nazi. Mbaazi za nazi, maharagwe ya nazi, kunde, kisamvu, muhogo, ndizi mbichi, hata mchicha: vyote huungwa kwa tui. Mpishi ajuaye kazi yake hutia kwanza tui jepesi, chakula kikaivia humo, kisha mwishoni akamimina kasimile, akakoroga upande mmoja, na kuepua kabla halijakatika. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Lakini tui lililokwisha kupikwa halipendi kungojeshwa. Liache mezani usiku mmoja wa mwezi Machi na asubuhi limechacha. Ligandishe katika friza, kisha lipashe moto, na utaona mafuta yameelea upande wake na maji upande wake, na mchuzi uliokuwa laini umekuwa na chembechembe. Wahenga walisema nazi mbovu ni harabu ya nzima, nao walikuwa na maana yao. Mimi nasema hata nzima, ikilazwa ndani ya mchuzi, huharibu sufuria zima la maharagwe yaliyogharimu saa mbili za moto.

Tatu ni joto. Wataalamu wa usalama wa chakula wanatuambia kwamba vijidudu vya maradhi hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Hewa yenyewe ikipita nyuzi 32, muda huo hupunguzwa kuwa saa moja. Mombasa katika Februari na Machi hupita hapo mchana mara nyingi. Sufuria kubwa la lita kumi lililopikwa Jumapili, likaachwa juu ya meza lipoe, litachukua nusu ya usiku kupoa, na katikati yake patakuwa na ujoto wa kuwafurahisha vijidudu hao saa zote hizo. Mwenye kulitia friji likingali moto naye hulitia joto friji zima na kila kilichomo.

Wapo wa upande wa pili, na aghalabu hawa ni wazee wetu, ambao huona kwamba chakula kisichopikwa siku ile ile si chakula, na kwamba mke apashaye moto ni mke mvivu. Kwa heshima zote, sikubaliani nao pia, tena nina ushahidi kutoka katika nyumba zao wenyewe. Nani aliyetufundisha kiporo? Neno hilo ni letu, halikuletwa na jarida. Wali wa jana uliolazwa na kupashwa asubuhi umewasomesha watu wengi wa Pwani waliokuja kuwa mahakimu na manahodha. (Wali, hata hivyo, una hatari yake, na ni vyema isemwe: mbegu za kijidudu kimoja kikaacho ndani ya mchele hazifi kwa kuchemshwa, na sumu kitoayo wali unapolala nje haiondoki kwa kupashwa moto. Kiporo cha wali kilale ndani ya friji, au kisilale.) Tazama pia jamii zinazokula mboga kwa imani. Msabato hapiki siku ya Sabato, ambayo kwake huanza jua la Ijumaa linapotua. Ndiyo maana Ijumaa yake huitwa Maandalio, na chakula cha kesho huwa tayari kabla ya magharibi. Wajaini, ambao wana hekalu lao hapa Mombasa tangu miaka ya sitini, wengi wao huepuka kula baada ya jua kutua, na kwa hivyo nyumba zao zimelazimika kwa vizazi vingi kujua namna ya kuwa na chakula tayari mapema. Na katika Ramadhani, ni nani miongoni mwetu ambaye hajaziona sambusa zilizofungwa Shaabani zikingoja mafuta tu?

Ukizichunguza desturi hizo utaona ulinganifu. Hakuna hata moja inayopika kila kitu mbele. Hutangulizwa kazi nzito, ile ya saa nyingi, na kazi nyepesi ikaachiwa saa ya kula. Sambusa hufungwa leo, hukaangwa siku yake. Na hiyo ndiyo njia ninayoitetea kwa nyumba ya walaji mboga wa Miritini: chemsha mara mbili kwa wiki, unga kila jioni.

Maana yake ni hii. Jumapili huchemshwa maharagwe, au mbaazi, au kunde, bila ya nazi, bila ya kitunguu, bila ya bizari, maji matupu. Jumatano usiku huchemshwa aina nyingine. Kwa watu sita nusu kilo ya maharagwe makavu, ambayo ikiiva huwa kama kilo moja na robo, hutosha jioni moja na hubakisha kidogo cha kuliwa na mahamri asubuhi. Kwa hiyo kilo moja na nusu kila mara, na siku tatu zimepata kichwa chake. Maharagwe yaliyochemshwa matupu hukaa katika friji siku tatu hadi nne bila ya wasiwasi, na hata umeme ukienda ukarudi, ulichohatarisha ni cha siku tatu wala si cha wiki. Jumatatu huungwa kwa nazi. Jumanne hukaangwa na tungule (wenzetu wa bara huziita nyanya), tangawizi na pilipili, yakaliwa kwa chapati. Jumatano hupondwa pamoja na viazi. Ni maharagwe yale yale, lakini watoto wanaapa kwamba wamekula vitu vitatu.

Yako mambo machache ambayo ndiyo yatakayoamua kama njia hii itamfaa mtu au itamuudhi. La kwanza ni kuroweka. Roweka usiku wa kuamkia siku ya kupika, saa nane hadi kumi, kisha mwaga maji hayo na tia mapya. Yasipite saa kumi na mbili, kwani kwa joto letu maji hutoa povu na harufu ya uchachu. La pili ni umri wa maharagwe. Maharagwe yaliyokaa miezi mingi katika joto na unyevu hugoma kuiva hata ukiyachemsha kutwa, na hakuna mahali penye joto na unyevu kuliko ghala la Mombasa. Muulize mwenye duka yameingia lini. Asipojua, nunua kidogo kwanza. Wale wanunuao gunia zima ili waokoe shilingi wanafaa kulifikiria hilo, na kwa upande wa karanga na mahindi wafikiri mara mbili, kwa sababu ya sumu ya ukungu. Mwaka 2004 sumu hiyo ndani ya mahindi yaliyohifadhiwa vibaya iliua watu 125 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, na haiondoki kwa kupikwa.

La tatu ni maji. Maji ya kisima yenye madini ya chokaa huzuia maharagwe yasilainike. Ndiyo sababu wengi wetu hutia magadi, na magadi yanafanya kazi, hapana ubishi. Ila huteketeza vitamini B1, na nyumba isiyokula nyama haina vitamini za kuchezea. Ni afadhali maji ya kuchemshia yawe ya mfereji, hata kama yamenunuliwa kwa mtungi, na ya kisima yabaki kufulia.

La nne ni maharagwe mekundu, na hapa sitanii. Maharagwe mekundu yasiyoiva vyema yana sumu. Punje nne tano tu zaweza kumtapisha mtu mzima. Sumu hiyo huangamizwa kwa kuchemsha kwa nguvu, maji yakitokota, kwa dakika zisizopungua kumi baada ya kurowekwa. Wengine hushauri thelathini. Kuyapasha polepole katika moto usiofikia kutokota hakuiondoi, bali huizidisha.

Nalitaja hilo kwa sababu ya kile kikapu cha kuhifadhi joto, ambacho kina wapenzi wengi, na ambacho vikundi vya akina mama sehemu mbalimbali za Kenya vimekuwa vikikitengeneza kwa miaka mingi. Ni kikapu kilichotandikwa ndani blanketi kuukuu au pamba, sufuria lililotokota likatiwa humo na kufunikwa mto, chakula kikajiivia bila ya moto. Nakipenda kwa wali, kwa pojo, na kwa mtu ashindaye nyumbani. Kwa maharagwe mekundu ni lazima yatokote nusu saa kwanza. Na kwa mtu aondokaye saa kumi na moja alfajiri akarudi saa moja usiku kikapu hakifai kabisa, kwa maana baada ya saa kadhaa ujoto hushuka chini ya nyuzi 60, na kuanzia hapo kikapu kinawafugia vijidudu.

Chombo ninachokiona kuwa bora ni sufuria la presha. Ndani yake maji hayatokoti kwa nyuzi 100 bali hupanda hadi karibu 120, na maharagwe yaliyorowekwa huiva kwa robo saa tangu mvuke uanze kulia. (Sisi wa usawa wa bahari tuna bahati ambayo hatuishukuru: Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji hutokota kabla ya kufikia nyuzi 96, na ndiyo sababu shangazi aliyehamia huko hulalamika kwamba maharagwe ya huko hayaivi.) Lau ningeambiwa nichague kati ya friza na presha, nisingefikiri mara mbili. Nyumba isiyokuwa na friji kabisa, ikiwa ina presha, yaweza kuroweka asubuhi na kuchemsha jioni kwa muda ule ule ambao sukuma wiki hukatwa. Ziko pia presha za umeme, ambazo Kenya Power yenyewe imekuwa ikizitangaza katika kampeni yake ya mapishi ya umeme. Hutumia umeme kidogo kuliko watu wanavyohofia, kwani hufanya kazi kwa muda mfupi kisha hujizima. Kipira cha kifuniko kikaguliwe kila mara, na tundu la mvuke lizibuliwe kwa sindano. Wanaosema presha hulipuka aghalabu wanazungumzia presha ambazo tundu hilo halikupata kuoshwa.

Na moto uwe upi? Mwaka 2018 ulibadilisha majiko mengi ya mtaani kwetu. Februari mwaka huo serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na bei ya makaa ikapanda; mwaka huo huo ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa kila lita ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta, na stovu zikawekwa uvunguni. Gesi nayo ilirudishiwa kodi ya asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa mwaka 2023. Kwa sisi wa Miritini jambo hili lina kinaya chake. Sehemu kubwa ya gesi ya kupikia itumiwayo nchini Kenya huja kwa meli hadi Mombasa, na matangi yake makubwa yamo humu humu mtaani petu. Lakini ziko nyumba zinazoyaona matangi hayo kutoka dirishani huku zikipulizia seredani. Mwenye mtungi wa kilo 6 na sufuria la presha, akichemsha mara mbili kwa wiki badala ya mara sita, atashangaa jinsi mtungi huo unavyodumu.

Kupoza ni kazi ya dakika ishirini, nayo isifanyiwe uvivu. Maharagwe yakishaiva yagawanywe katika vyombo vitatu vya kina kifupi, yakalishwe ndani ya beseni la maji baridi, yakorogwe mara moja au mbili, kisha yafunikwe na kuingia friji. Pamoja nayo naona ni vyema kukaanga rojo la tungule na vitunguu la siku tatu hizo. Nazi hukunwa siku ya kuliwa. Mboga za majani nazo zisipikwe mbele katu: mchicha, mnavu, mchunga, majani ya kunde na matembele huchambuliwa na kuoshwa jana yake, yakakaushwa maji na kufungwa katika kitambaa, na hupikwa dakika chache kabla ya kuliwa. Mchicha uliolala ukapashwa moto una rangi ya maji ya mtaro, na sioni kwa nini mtoto alaumiwe kwa kuukataa. Mwenye nafasi ya kufika Kongowea alfajiri atapata mboga zingali na umande. Sisi wengine tunategemea za Mazeras na za wanawake wa kando ya barabara, ambazo mara nyingi ni za jirani zaidi na kwa hivyo ni mbichi zaidi. Pojo haina haja ya kurowekwa wala kutangulizwa, kwani huiva kwa dakika arubaini. Iwekwe akiba kwa ile siku ambayo malori yamefunga njia na kila mpango umevunjika.

Kwa upande wa afya, mchanganyiko wa wali au sima na jamii ya kunde unampa mtoto vijenzi vya mwili vya kumtosha, ikiwa anakula kwa kiasi. Madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na majani huingia mwilini kwa urahisi zaidi yakiliwa pamoja na ndimu, embe au pilipili hoho, na huzuiwa na chai inywewayo juu ya chakula, desturi ambayo Mombasa imeishikilia kana kwamba ni faradhi. Chai ingoje saa moja. Vitamini B12 ndiyo isiyopatikana katika mimea. Anywaye maziwa na kula mayai ana pa kuipata, lakini asiyegusa hata hivyo sharti apate vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, hasa mama mjamzito na anyonyeshaye. Hapa ushujaa hauhitajiki.

Kuna watakaoniambia kwamba haya yote ni ya mwenye friji, presha na mtungi wa gesi. Ni kweli, na ndiyo maana sipendi namna tunavyowadharau wale akina mama wanaochemsha maharagwe na mahindi katika masufuria makubwa kandokando ya barabara za Magongo na Jomvu na kuyauza kwa kikombe. Kwa hakika wao ndio njia ya tatu, na kwa nyumba nyingi ndio njia bora. Sufuria moja kubwa lipikiwalo nyumba thelathini hutumia makaa machache mno kuliko majiko thelathini. Mnunuzi huenda na bakuli lake, akachukua yaliyochemshwa matupu, akaenda kuyaunga kwake, na saa zile mbili za moto amezinunua kwa shilingi chache. Nunua yakingali moto. Kama yamepoa chunguni tangu asubuhi, mwache mwenyewe. Serikali ya Kaunti ya Mombasa, badala ya kuwaona kina mama hawa kama uchafu wa kuondolewa njiani, ingewapa mfereji wa maji safi na kibanda chenye kivuli, ikawakagua mara kwa mara na kuwatoza ushuru wa haki, ingekuwa imezilisha familia za wafanyakazi kuliko semina nyingi za lishe zinavyofanya.

Limebaki suala la nani afanye. Njia yoyote ile, hata ingekuwa bora namna gani, ikiwa kazi yake yote yamwangukia mama arudiye kutoka zamu, au msichana wa kazi ambaye tayari ameamka saa kumi, basi tumebadilisha tu siku ya mateso. Kuchagua mawe katika maharagwe hakuhitaji ustadi. Kunahitaji ungo, mwanga na mtu aliyekaa. Baba atazamaye mpira Jumamosi usiku amekaa, ana mwanga, na mikono yake haina kazi. Watoto wa miaka kumi wanajua kuchambua mchicha, nao wakiachiwa hushindana. Kijana wa kiume wa sekondari anaweza kukalia mbuzi na kukuna nazi mbili kabla ya magharibi, na wale wanaodhani atapungukiwa na uanaume wangekwenda wakawatazama mabaharia wakipika ndani ya jahazi. Kwetu zamu zimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni: ungo ni wangu Jumamosi, beseni la kupozea ni langu Jumapili na Jumatano, na presha haiguswi na mtu aliye chini ya miaka kumi na minne.